Maji ya Timboroa Hayafiki Mia

Nawasalimu nyote, wazee, akina mama na vijana, kwa jina la Yeye aliyetufikisha hapa Kiplombe leo na matope yote yale ya njiani. Asanteni. Kaeni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano na nyote mnajua nitazipita, kwa hivyo nikiona mtu anaangalia saa sitakasirika sana. Nitakasirika kidogo tu.

Mwenyekiti aliniomba mambo mawili. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa kemia, alitaka niwapitishie hawa vijana wetu walioambiwa warudie karatasi ya maabara, ule mtihani wa vitendo, yale mambo makuu, ili wakirudi chuoni wasipotee tena. Halafu akataka nitoe ushuhuda. Nilimwambia, Mzee, hayo mawili ni kitu kimoja, kwa sababu mimi nilianguka ndani ya maabara, mchana kweupe, watu wakinitazama, na kilichoniangusha ni maji ya kuchemka. Akacheka. Alifikiri namfanyia mzaha.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimepanga kusema yote. Lakini asubuhi hii, tukinywa chai hapo nje, nilimsikia mmoja wetu akiuliza maharagwe ya mchana yamefika wapi, na mwingine akamjibu kwamba leo tutakula mawe. Watu wakacheka. Simtaji mtu, wala usigeuke kumtafuta. Mimi nilisimama hapo na kikombe changu, chai ikapoa, nikaamua leo nitasema mpaka mwisho.

Nimelelewa Timboroa na shangazi yangu, dada ya baba. Sisi si watu wa Timboroa. Tulitoka kule chini, karibu na mpaka, mahali pa joto. Baba alipofariki, Shangazi alinichukua, akapanda na mimi mpaka huku juu kwenye baridi kwa sababu alikuwa amesikia kuna kazi. Akaipata. Alikuwa anawapikia wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kupasua mbao kule msituni. Wanaume karibu arobaini, na chakula chao ni githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, saa saba mchana.

Sasa sikieni shida yake. Kule kwetu chini, Shangazi alikuwa anaweka maharagwe jikoni baada ya chai ya asubuhi, na jua likifika juu ya kichwa yameiva. Timboroa aliyaweka mapema zaidi, akachochea, akapepea, macho yakawa mekundu kwa moshi, na saa saba ikifika bado yanagonga meno. Maharagwe ni yale yale. Sufuria ni ile ile aliyokuja nayo. Kuni ndizo nyingi kuliko kwetu, maana tuko msituni. Hakuelewa. Hakuna mtu aliyeelewa. Wanaume wakampa jina, Mama Mawe. Walimwita hivyo miaka saba.

Nikiwa mdogo nilipigana na watoto wenzangu kwa ajili ya jina hilo. Baadaye nikachoka kupigana. Na baadaye kabisa, nawaambia ukweli kwa kuwa tuko mbele za Mungu, nikaanza kufikiri kwamba labda wana haki. Labda Shangazi kweli anaweka kuni chache aende akapige gumzo. Nilikuwa naenda sekondari wakati huo, na mvulana wa sekondari anajua kila kitu.

Sekondari yetu haikuwa na maabara. Kulikuwa na chumba kimeandikwa maabara mlangoni, na ndani kulikuwa na magunia ya mahindi. Themometa ilikuwa moja, imefungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu, ikitolewa tu mkaguzi akija. Kemia tulisoma kwa mdomo. Mwalimu anasema, sisi tunaitikia. Maji huganda kwa ngapi? Sufuri! Huchemka kwa ngapi? Mia! Tuliimba hivyo miaka minne. Na nilipita vizuri sana, ndiyo sababu nilipata nafasi chuoni, huko upande wa Kesses. Shangazi alichinja kuku.

Vijana, nawajua mlivyo, mnadhani maabara ni mahali pa kuthibitisha kile kitabu kimesema. Hata mimi niliingia hivyo. Siku ya kwanza nikakuta meza ndefu, mabomba ya gesi, vyupa vimepangwa, picha ya Mtukufu Rais ukutani kati ya jedwali la elementi na karatasi ya sheria za maabara. Nikajiambia nimefika. Muhula mzima uliofuata sikuwa na siku moja ya furaha ndani ya chumba hicho.

Tuanze na bureti, ule mrija mrefu wenye mistari, unaodondosha dawa tone kwa tone. Maji ndani ya mrija hayakai sawa kama meza, yanabonyea katikati. Unasoma pale chini ya bonde, na jicho lako liwe usawa wa hapo. Mimi ni mrefu, mnaniona. Sikuinama. Nilisoma kutoka juu mwezi mzima, na kwa kuwa nilikosea kwa njia ile ile kila siku, majibu yangu yote yalifanana. Matatu mfululizo, yanafanana kama mapacha. Nikafurahi. Nikapewa alama mbili kati ya kumi. Niliuliza kwa hasira, mbona, na yanafanana? Hapo ndipo niliambiwa jambo ambalo nataka mliandike, nyinyi wenye daftari. Kufanana si usahihi. Watu wanaweza kukubaliana vizuri kabisa na wote wakawa wamekosea. Niliandika maneno hayo na sikuyaelewa hata kidogo.

Ukitoka hapo kuna rangi, ile inayokuonyesha umefika. Unadondosha, unatikisa, maji ni meupe, meupe, meupe, halafu tone moja tu na yamekuwa ya waridi. Ukizidisha tone moja umeharibu, unamwaga, unaanza upya. Nilianza upya mara nyingi hata nikaanza kuwachukia wale waliopatia. Halafu fuwele za buluu tulizotengeneza kwa mikono yetu. Nilipima zangu, nikapata nyingi kuliko zile zinazowezekana kutoka kwa vile vitu nilivyoweka. Unaweka vya kukutolea gramu kumi, unapata kumi na moja. Sababu ni ndogo: hazikuwa zimekauka, nilipima na maji ndani. Ningeandika tu kwamba zilikuwa na unyevu, mambo yakaisha. Badala yake nilifuta, nikaandika tisa na nusu, iwe inapendeza.

Fundi wa maabara aliniona nikifuta. Alikuwa mzee wa hapa hapa Kiplombe, shati la kaki, kalamu tatu mfukoni, hakuwa mwalimu, kazi yake ilikuwa kuosha vyupa na kutengeneza vilivyovunjika. Alisimama nyuma yangu.

"Kijana, hiyo umefuta ilikuwa nini?"

"Ilikuwa makosa, Mzee."

"Makosa ya mizani ama ya wewe?"

Nikafunga daftari langu. Nilimwona ni mzee wa kuosha vyupa.

Basi ikafika siku ya maji. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kupita zote, kupima kama themometa ni nzima. Unaiweka kwenye barafu, unasoma. Unaiweka kwenye maji yanayochemka, unasoma. Nani atakosa hiyo? Tulikuwa wanne mezani. Barafu ikasoma sufuri, safi. Tukachemsha maji, yakaruka, mvuke ukajaa, na themometa ikapanda mpaka tisini na tatu ikasimama. Tukangoja. Tukaongeza gesi. Tisini na tatu. Mwenzetu mmoja akasema themometa imekufa, akaleta nyingine. Tisini na tatu. Akaleta ya tatu, ile ile. Tukachungulia meza ya jirani, na wao pia walikuwa wanakung'uta themometa zao kama wanaotoa sosi kwenye chupa.

Mwenzetu mwingine akasema, "Si nyote mnajua ni mia? Tukiandika hii, tutaulizwa mbona maji yetu hayakuchemka."

Ndugu zangu, yale maji yalikuwa yanaruka mbele ya macho yetu. Yalikuwa yameninyunyizia mkono. Na mimi nikachukua kalamu nikaandika mia. Tena sikuandika mia tu. Nilikuwa nimejifunza kwamba mwanasayansi huandika mpaka sehemu ndogo aliyoweza kuiona, kwa hivyo nikaweka nukta na sufuri moja mbele. Mia nukta sufuri. Vijana, ile sufuri ya mwisho ni kiapo. Unaapa kwamba uliangalia mpaka hapo. Darasa letu lilikuwa na watu kumi na wanane, na wote kumi na wanane waliandika mia.

Mwisho wa kozi akaja mhadhiri tuliyekuwa hatujamwona, mtu mkimya, miwani kwenye kamba. Alichukua madaftari yetu, akamwita kila mmoja, akafungua ukurasa wowote na kusema, rudia hii mbele yangu. Wa kwanza akapewa bureti. Wa pili fuwele. Mimi akanifungulia ukurasa wa maji. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikidhani nimepata rahisi.

Nikachemsha. Nikatia themometa. Akaniuliza, "Inasoma ngapi?"

Niliangalia. Zebaki ilikuwa imesimama kwenye tisini na tatu, laini nyembamba, iko wazi kabisa. Nikaangalia daftari langu mkononi mwake. Nikaangalia wenzangu waliokuwa wakingoja zamu. Nikasema, "Mia, sir."

"Angalia tena."

"Mia nukta sufuri, sir."

Hakupandisha sauti. Alinishika bega akanisogeza pembeni, akainama mwenyewe kusoma, akaandika kitu, akafunga daftari. "Mtu anayesoma vibaya nitamfundisha," alisema. "Wewe umesoma vizuri halafu ukaniambia kitu kingine. Sijui nikufundishe nini."

Nikafelishwa karatasi nzima ya maabara. Nikaambiwa niirudie baada ya likizo ndefu, na nikianguka tena nafasi yangu ya chuo imekwisha. Wale kumi na saba wote walipita. Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuwaambia. Walikuwa wameandika uongo ule ule! Mkono wao na wangu ulikuwa mmoja! Kwa nini mimi? Nilizunguka uwanja wa chuo nikijisemea peke yangu. Na kusema kweli hata leo, nikimkumbuka yule aliyeleta themometa ya tatu, ambaye sasa ana cheo kikubwa, jina lake silitaji kwenye sala zangu. Niombeeni.

Siku ya kuondoka, yule fundi alinifuata getini na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Themometa kuukuu, namba zake nusu zimefutika. Haikuwa kwenye orodha ya vifaa, alikuwa ameiokoa kwenye takataka. "Enda nayo nyumbani," alisema. "Usisome kitabu kwanza. Pima maji ya kwenu, halafu andika ile umeona." Niliitia ndani ya sanduku, chini ya nguo, nikiwa na uhakika hata yeye ananicheka.

Nafika Timboroa, namkuta Shangazi amekaa nje ya nyumba, mchana, siku ya kazi. Sijawahi kumwona amekaa mchana. Mikono yake ilikuwa mapajani kama mikono ya mgeni.

"Wamenitoa jikoni," akasema. "Nyapara amesema nimezeeka, sitaki kuchochea moto. Wameweka mtu mwingine."

Mimi nilikuwa nimechoka, nimebeba aibu yangu ambayo sikuwa na nia ya kumwambia, na nilitaka mtu wa kulaumu. Nikasema, "Shangazi, na kweli ulikuwa unachochea?"

Akaniangalia. "Na wewe pia," akasema. Hakuuliza. Alisema tu, halafu akaingia ndani akaniwekea chai.

Wiki mbili za kwanza nilisoma kama mtu anayepigana. Nilibeba meza nikaiweka nje kwenye jua na kurudia kila kitu kwa kitabu. Bonde la maji kwenye bureti. Tone la mwisho. Fuwele zenye unyevu. Nikajipima mwenyewe, nikajiuliza, nikajijibu, na kila nilipofika kwenye kuchemka nilifungua ukurasa mwingine. Sikutaka kuiona ile namba. Themometa ikabaki chini ya nguo.

Lakini ukirudia somo zima, mwishowe hapo ulipoparuka panakungoja. Siku moja nikasoma ile sentensi niliyoiimba tangu sekondari, kwamba maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kusukumana na hewa iliyo juu yake. Nilikuwa naijua kama sala. Siku hiyo niliisoma polepole kwa mara ya kwanza, kwa sababu upepo ulikuwa unapeperusha ukurasa na ikabidi niushike kwa kidole. Hewa iliyo juu yake. Nikainua kichwa, nikaangalia milima, nikaangalia msitu. Nikajiuliza, na hapa Timboroa hewa iliyo juu ni kiasi gani?

Nikaenda kuitoa themometa. Shangazi alikuwa jikoni na maharagwe yetu ya nyumbani. Nikamwomba aweke sufuria nyingine ya maji matupu, maana zebaki ni sumu, sikutaka ipasukie kwenye chakula.

"Hicho ni kitu gani?" aliuliza.

"Ni cha kupima joto, Shangazi."

"Joto ya nini? Si uweke kidole."

Maji yakachemka. Nikainama, jicho usawa, kama ninavyotaka muiname nyinyi. Tisini na moja.

"Ongeza kuni," nikamwambia.

Akaongeza. Maji yakaruka mpaka yakamwagikia mafiga. Tisini na moja.

"Ongeza tena."

"Utanimalizia kuni," akasema, lakini akaongeza. Moto ukanguruma. Akainama karibu nami, macho yake yakitoa machozi ya moshi, akiangalia kile kijiti asichojua kukisoma. "Haipandi?"

"Haipandi."

"Hata nikiweka msitu wote?"

"Hata ukiweka msitu wote, Shangazi."

Nikamweleza hapo hapo, nimechuchumaa, jinsi ninavyowaeleza nyinyi sasa. Hewa inayakalia maji. Kule kwetu chini hewa ni nzito, inayabana, kwa hivyo yanapata joto sana kabla hayajaweza kuruka. Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanaruka mapema, yakiwa bado hayajapata joto lile. Tena yakishaanza kuruka hayapandi zaidi, kila kuni unayoongeza inakwenda kwenye mvuke. Kwa macho ni maji yanachemka, sawasawa na ya kwetu. Lakini maharagwe hayaivi kwa kuona maji yanaruka, yanaiva kwa joto. Huku yanahitaji muda mrefu zaidi, hata apike nani.

Alivuta ukuni mmoja kutoka motoni. Halafu akasema, "Miaka saba." Akakaa kwenye kigoda. "Miaka saba nimechochea huo moto." Nilifikiri atalia, lakini alikuwa amekasirika, na hasira yake ilinifurahisha kuliko machozi. "Andika," akasema. "Andika hiyo namba kwa karatasi. Kesho tunaenda kwa nyapara."

Tulienda. Nilivaa shati jeupe. Nyapara alikuwa kwenye kibanda chake, beji ya chama kifuani, na alitupokea vizuri tu. Nikamweleza. Nikamwonyesha karatasi, na themometa nilikuwa nayo mfukoni. Akasikiliza huku akitabasamu, halafu akasema, "Kijana, maji yanachemka kwa mia moja. Hata mtoto wa darasa la saba anajua. Si wewe uko chuo?"

"Mzee, hapo nje kuna sufuria iko motoni. Njoo uangalie tu, dakika moja."

"Niangalie nini? Sina haja ya kuangalia kitu najua."

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumshika shingo nimwinamishe juu ya ile sufuria. Hatua ishirini tu, jamani, kutoka kitini kwake mpaka jikoni! Na hakuinuka. Shangazi akanivuta mkono tukatoka.

Tulikuwa tumefika barabarani ndipo nikasikia sauti ya yule mtu kichwani, na ikawa ni yangu. Mimi nilikuwa karibu na maji kuliko yeye. Yalininyunyizia mkono. Yeye angalau hakuangalia. Mimi niliangalia, nikaona, nikasema mia. Na yule mama anayetembea mbele yangu na kanga yake kichwani, nilikula chakula chake, nikamwona kila asubuhi akipuliza ule moto, nilimwona kwa macho haya, na bado nikamwuliza kama anachochea. Hapo ndipo nilipoanza kuacha kuwakasirikia wale kumi na saba. Hasira haikuisha, ilibadilisha anwani tu.

Sikusoma kitabu tena likizo hiyo bila themometa. Nilipima asubuhi, mchana, siku ya mvua, siku ya jua. Niliandika tisini na moja, na siku moja tisini na nusu, na siku hiyo sikuibadilisha ipendeze. Shangazi ndiye aliyekuwa anachochea.

Nilipokwenda kurudia karatasi, nilimkuta mhadhiri yule yule, na akafungua ukurasa ule ule. Nikachemsha, nikainama, nikasema, "Tisini na tatu, sir. Naweza kuwa nimekosea kwa nusu hivi, alama za themometa hii ni nene."

"Kitabu kinasema mia."

"Kitabu kiliandikwa chini, sir. Sisi tuko juu. Na nyumbani kwetu Timboroa ni juu zaidi, huko ni tisini na moja."

"Nani alikwambia?"

"Nimepima. Kwenye sufuria ya shangazi yangu."

Aliweka kalamu chini. Akaniuliza mwaka uliopita kwa nini nilisema mia, na mimi naona tisini na tatu. Nikamwambia ukweli, "Kwa sababu kila mtu alikuwa anasema mia, sir." Aliangalia mlango, akaangalia dirisha, akaangalia karatasi yake. Akachukua kalamu tena. Nyinyi watu wazima mliopanga mistari nyuma ya wagombea mkasikia hesabu nyingine ikitangazwa mnajua kimya kama hicho kinatoka wapi, na hapo nitapaacha.

Nilipita. Msifikiri nilipita kwa kishindo, nilipata alama za kunivusha tu, maana kwenye bureti niliharakisha nikapitiliza rangi. Lakini nilipita, nikamaliza, na leo nafundisha watoto wenu. Shangazi hakurudishwa kazini. Yule mpishi mpya naye alifukuzwa baada ya miezi mitano, kwa sababu ile ile, na nyapara akatafuta mwingine. Mnaona kwa nini bado nina hasira?

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru yule fundi wa shati la kaki, ambaye hayuko nasi tena lakini mkewe anaimba kwaya hapa. Mama, ile themometa ninayo bado. Ninamshukuru hata yule mhadhiri, ingawa ilinichukua miaka. Na nyinyi vijana mnaorudia, haya ndiyo niliyopata: inama, jicho liwe usawa, andika ile umeona kabla hujamwangalia jirani ameandika nini. Ikitofautiana na kitabu, usifute. Uliza kwa nini. Mimi nilikuwa na jibu la swali la shangazi yangu mdomoni tangu sekondari, na nililiimba tu.

Sasa ninamalizia. Mama uliyekaa hapo mlangoni, hebu niitie anayepika. Ndiyo, huyo. Mwambie aje hata na mwiko wake.

Nilipopata kazi nilimleta akae nami hapa, na leo ndiye anayewapikia. Mlikuwa hamjui. Hapa kwetu Eldoret maji yanachemka kwa tisini na tatu. Aliwasha ule moto kabla hata mmoja wetu hajafika hapa, na chakula kitakuwa tayari saa nane, si saa saba, na nyote mtangoja.

Shangazi, simama hapo wakuone. Ile siku pale nje ya nyumba nilikuuliza neno, na nikakuacha ujibu kwa kuniwekea chai. Nimekuomba msamaha nyumbani mara nyingi, lakini jina walikupa mbele za watu, kwa hivyo na hili nalisema mbele za watu.

Shangazi, ulikuwa unachochea.